Bibi wa Quitunda Aliyetaka Kumpigia Kura Rais wa Marekani

Habari zilinikuta Awasse, pale njia panda, gari letu limepata pancha na dereva anagombana na jeki. Jirani wa yule bibi wa Quitunda ndiye aliyenipigia simu. Akaniambia bibi amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri, kama naweza niwahi. Sikuwahi. Nilipofika Quitunda watu walikwisha rudi kutoka makaburini. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua marehemu, ingawa sikuwahi kulitaja jina lake na leo pia silitaji. Ni yule muuza vitumbua niliyewachekesha naye, aliyekwenda kwa sekretario, yaani mkuu wa kijiji, na kadi yake ya mpiga kura, akauliza kituo cha kumpigia kura rais wa Marekani kiko wapi. Mlicheka sana, na wengine mkaniomba niwaletee vituko vyake zaidi. Leo nimekuja kukiharibu kicheko hicho, maana nilikipata kwa ujanja.

Kabla ya kuhamishiwa hapa Quitunda kwenye nyumba hizi za matofali, bibi aliishi ufukweni. Maji yakitoka alishuka na wenzake kuchokoa chaza, yakijaa alirudi kwenye minazi yake. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba. Ardhi hiyo ilipochukuliwa kwa mradi wa gesi na kuzungushiwa uzio, jamaa wengi walikubali wafu wao wafukuliwe wahamishwe pamoja nao, lakini yeye alikataa katakata. Alisema yule mzee alichoka vya kutosha akiwa hai, aachwe apumzike. Akaahidiwa kwamba kila Shaabani, kabla ya mfungo, ataruhusiwa kuingia akalisafishe kaburi kama ilivyo desturi yetu. Kisha vita vikaja, kazi zikasimama, wageni wakaondoka. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo mibaya ndipo alipoingia bila shida. Walinzi wachache waliobaki langoni walimzoea, wakampisha na jembe lake na kopo la maji.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Marekani. Hapa kwetu ilisemwa kwamba fedha za kuufufua mradi wa gesi zinangoja neno la rais wa kule. Mgombea mmoja, watu walisema, atazifungulia mara moja, na mwingine atataka kwanza kuuliza maswali mengi. Kama ilikuwa kweli au maneno ya barazani, mimi sijui mpaka leo. Lakini kijiji kizima kilikuwa na mgombea wake, na vijana walibishana kana kwamba wagombea wenyewe wamepanga nyumba ya pili. Asubuhi moja nilikaa karibu na karai la bibi, nikamtania.

"Mama, na wewe uko upande gani?"

"Mwanangu, usinichekeshe, nitaunguza," akasema, akigeuza kitumbua. "Huyu akishinda, kazi zinarudi, mjukuu wangu anapata ajira. Na lango linafungwa, simwoni tena babu yake. Yule akishinda, naingia na jembe langu kama kawaida, na mtoto anakaa hapa ananitazama. Sasa niambie wewe uliyesoma, nichague nini?"

Nilinunua vitumbua vyangu nikaondoka, na mtu asiye na jibu hupenda sana kucheka. Baada ya siku chache nikasikia habari za kadi na sekretario, nikamwendea sekretario akanisimulia yote, nami nikachukua nusu iliyochekesha. Mwisho wake nikautupa, maana uliniharibia utani.

Mjukuu wake, msichana aliyemlea tangu mama yake afariki, alimsomea safu ile kwenye simu. Nilipopita tena, nilitegemea kununiwa. Bibi akanipa kiti, akanimiminia chai. "Umeandika vizuri," akasema, "ila hukuandika nilichouliza." Nikaona haya, nikabadilisha mazungumzo, nikamuuliza kama amekwisha amua. Akasema ameamua. Anamtaka yule wa kazi. "Mume wangu ana subira, alinisubiri hata nilipomkataa mara ya kwanza. Huyu mtoto hana wakati wa kusubiri." Kisha akainama kuupuliza moto, akaupuliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kazi zilirudi. Msichana akaajiriwa jikoni mwa kambi ya gesi, ndani ya uzio. Shaabani iliyofuata bibi alikwenda langoni na jembe lake, akakuta walinzi wapya, akaambiwa alete barua. Barua ya nani, hakuna aliyejua. Alirudi akakaanga vitumbua. Jirani anasema hakulalamika, ila tangu siku hiyo jembe lile hakuligusa tena.

Siku ya maziko msichana alikuwa zamu. Alifika jioni, bado amevaa sare ya jikoni, akaanguka mikononi mwa wanawake akalia. Alipotulia alinieleza jambo nisilolijua. Kutoka kwenye dirisha la pale anapooshea vyombo, anaiona minazi mitatu ya nyumba yao ya zamani, na kaburi liko chini yake. Bibi alimwagiza kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, amsomee babu yake Fatiha. Hajaacha hata siku moja. "Sasa nitasoma mbili," akasema.

Nimeandika habari za chaguzi nyingi, zetu na za wenzetu, na karibu watu wote niliowasikia walichagua wakijua watakachopata. Bibi ndiye niliyemwona akichagua huku anakijua kwa jina anachokipoteza, na hakuwa hata na kura. Mimi mwenye kalamu nilimfanya kichekesho. Kama kuna funzo, ni letu sisi tunaoandika: mtu akija na swali linalotuchekesha, tumngoje amalize.

Basi nalipa deni hilo leo. Sekretario alipomwambia kwamba ile ni kura ya Wamarekani wenyewe, bibi aliirudisha kadi yake kwenye pindo la kanga, akasimama pale mlangoni, akauliza: "Sasa nani atawaambia kwamba mule ndani yumo mume wangu?"

Mama, nimechelewa, lakini nimewaambia.