Kitabu cha Tata Kilichotolewa Mto

Wenzangu mliokwenda shule miguu mitupu kwenye umande wa Itumbe, kabla chai haijajua njia ya huko, bila shaka mnaukumbuka mto Gucha ulivyokuwa. Tulichota maji asubuhi tukiyaona mawe ya chini waziwazi kama vidole vyetu. Tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, tukala ndizi zilizochomwa majivuni, tukarudi nyumbani nguo zimechanika nyuma na fimbo inatungoja. Watoto wa leo wakilowa kidogo tu hukimbizwa hospitali.

Nakumbuka pia jambo ambalo wengi wenu hamkuliona: mwanamume mzima aliyekwenda mtoni kuvua kwa raha tu. Alikuwa baba yangu, Tata kama tulivyowaita baba zetu, mwalimu wa shule ya misheni. Kila Jumapili alasiri alichukua mwanzi wake, ndoana na nyungunyungu, akaketi kingoni mpaka jua lilegee. Akipata kambare alimrudisha majini, kwa kuwa sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba. Akipata ningu, yule wa magamba anayepanda kutoka ziwani msimu wa mvua, mara nyingi alimtazama tu, akamrudisha naye.

Majirani walimcheka. Mama alimcheka kuwashinda.

"Baba Kemunto," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "samaki wamejaa sokoni, Waluo wamekwisha kuwakausha. Wewe unakaa mtoni kama korongo, na korongo angalau hushiba."

Ugonjwa huo wa kuvua Tata aliupata kitabuni. Mmisionari mmoja alipohama alimwachia kitabu cha Mzungu aliyeandika habari za kuvua kwa kujifurahisha katika mito ya kwao. Tata alikisoma na kamusi pembeni mpaka jalada likaachia. Siku moja akakifunga, akasema, "Huyu ameuandika mto wake mpaka mimi wa Itumbe naujua. Gucha nani atauandika?"

Akaanza kuuandika mwenyewe, tena kwa Kiswahili, ili hata watu wa pwani wausome. Tulipokuwa tukipukuchua mahindi alitusomea: namna ya kumsubiri samaki, namna kivuli chako kinavyokusaliti, majina ya vidimbwi vyote hadi kwenye daraja la magogo. Sura moja ilihusu mvua inayonyesha milimani huku kwetu jua linawaka, na jinsi mto unavyobadili sauti kabla ya kubadili rangi. Aliposoma hiyo, Mama aliacha kupukuchua. Hakumcheka tena tangu siku hiyo.

Tata alipomaliza, alizipeleka karatasi zake kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Msimamizi wake, Mzungu mpole, alikuja mwenyewe nyumbani kutoa jibu. Mama alichinja kuku. Mgeni akala vizuri, akasifu, kisha akaweka kiganja juu ya zile karatasi.

"Mwalimu, unaandika vizuri. Lakini Mwafrika havui kwa raha. Mwafrika ana njaa."

"Hata mwenye njaa hupenda mto, bwana," Tata akasema.

"Huenda. Lakini nani atakinunua? Serikali inataka watu wachimbe mabwawa ya samaki. Toa haya ya mto, ongeza ya mabwawa, nami nitakichapa."

Tata alimsindikiza mpaka garini, akarudi ndani. Kwa muda hakuzigusa karatasi. Kisha akachukua wembe, akaanza kukata kurasa. Nadhani aliogopa kwamba akikataa hatachapwa kamwe. Mlango wa wachapaji ulikuwa mmoja, na ufunguo tulijua uko kwa nani. Mama, yule yule wa korongo, akasimama karibu naye.

"Ile ya mvua usiikate. Nakusihi, Baba Kemunto."

"Bwawa halina mvua ya milimani," akamjibu, akaikata.

Kitabu kikaja, chembamba, jina lake juu. Kanisani walisimama kumpongeza. Watu walichimba mabwawa kwa kukifuata, wakala samaki, wakamshukuru njiani, naye akawaitikia wote kwa adabu. Nyumbani alikisoma mara moja, akakiweka mezani. "Hamna hata tone la Gucha humu," akamwambia Mama. Hakwenda kuvua tena. Mama aliuchukua ule mwanzi akaegemezea mgomba uliolemewa na mkungu, akitumaini Tata atamkemea. Hakumkemea.

Kurasa zilizokatwa Mama alizificha katika sanduku la mbao. Mchwa walizifikia kabla yetu. Tata alipofariki, mhubiri alisema kaburini kwamba ametuachia kitabu, nami sikuwa na nguvu ya kupinga. Nimejaribu kuirudisha sura ya mvua. Nakumbuka ile sauti ya mto, basi. Maneno yake mengine yamekwenda.

Siku hizi wajukuu wangu hutazama kwenye simu watu wa nchi za mbali wakivua, wakashangilia samaki akinaswa, ilhali hawajawahi kutia mguu Gucha. Siwalaumu sana. Gucha umekuwa na rangi ya chai ya maziwa mwaka mzima, mikaratusi imekunywa chemchemi zake, na anayeonekana kingoni ni mchota mchanga wa kuuza. Leo mtu huandika apendalo asubuhi, akasomwa mchana. Enzi zetu mto ulikuwapo, na mtu wa kuuandika alikuwapo. Tulinyimwa ruhusa tu. Sasa ruhusa tunayo.