Namba 84 Mgongoni

Domo langu ndilo lililoniponza, jamani. Jumamosi, saluni ya hapa Ujiji, watu walibishana timu ipi ni kubwa kuliko zote duniani, ya soka au ya kikapu. Nikageuka waone fulana yangu ya mtumba.

"Hii hapa, ya Marekani! Namba 84 hakabiki! Niliichambua sokoni Mwandiga saa nzima, siku ile tunamzika bibi."

Siku ile nilikuta kaburi limeshafukiwa, nikasingizia pancha ya pikipiki.

Mwalimu mmoja wa Kiingereza, aliyekuwa akingoja kunyolewa, akasoma maandishi mgongoni, akavua kofia. "Pole, ndugu. Hii ni fulana ya msiba. 'Pumzika, bibi yetu mpendwa.' 84 ni umri wake."

Kinyozi, mtoto wa mjomba wangu, akazima mashine.

"Kumbe haikuwa pancha."