Joto la Chumba cha Bibi

Tone moja liliangukia kwenye beseni la plastiki, kukawa kimya, kisha likaanguka jingine, taratibu, kama mtu anayetawadha bila haraka. Sauti ilitoka chumba cha Bibi, na Bibi alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kwenye ukumbi wa juu na blanketi mabegani, kumepambazuka kidogo tu, na miguu yangu ilikataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Beseni lile lilikuwa lake. Alilitumia kutawadhia alipokuwa hawezi tena kufika bafuni, na hakuna aliyethubutu kuliondoa kando ya kitanda. Mama alitoka chumbani kwake, akasimama nyuma yangu, akasikiliza. Hakushtuka. Aliniambia nisiogope, Bibi anatawadha, kisha akateremka kuchemsha chai. Mimi ndiye niliyebaki na hofu, na hofu yenyewe iliongezeka kwa vile yeye alikuwa ametulia.

Tuliishi London, pembezoni kabisa mwa Stanmore, pale nyumba zinapokwisha na malisho ya farasi yanaanza. Bibi, mama yake Mama, aliletwa kutoka Tanga atibiwe mguu, na kabla hajapona majira ya baridi yakamkuta. Alivaa sweta juu ya sweta, soksi ndefu za sufu mpaka juu ya magoti, na kanga kichwani, akamwambia baba yangu kuwa amemwoza binti yake kwa mtu anayeishi ndani ya friji. Tulicheka sana. Mwishoni hakutania tena. Alikuwa anatetemeka tu na kulalamika baridi, na Mama akamshika mikono akamwahidi kuwa hatapata baridi tena. Alifariki mchana, Mama akiwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwafunika miguu wazee wa watu wengine. Tukamzika hukuhuku, kwenye udongo mgumu wa baridi. Mama hakujisamehe, wala hakutaka mtu amwambie ajisamehe.

Kwetu, chumba cha marehemu hakiachwi giza mara moja. Taa huwaka na ubani hufukizwa mpaka arobaini ipite. Mama alifanya hivyo, na juu yake akaongeza jambo la kwake mwenyewe: hita ya umeme, ikawaka usiku na mchana mbele ya kitanda kilichotandikwa. Kaburi hakuweza kulipasha joto, chumba aliweza. Arobaini ikafika, khitma ikasomwa, wageni wakala wakaondoka, taa ikazimwa. Hita ikabaki. Baba alijaribu kusema mara moja, akatazamwa, akaenda kuosha vyombo. Mimi nilijizoesha kupita mbele ya ule mlango nikiwa nimebana pumzi, maana joto lilitoka chini yake na kunigusa vifundo vya miguu.

Kisha theluji ikaanguka. Kwa kawaida theluji ya London ni ya kutania, asubuhi ipo na mchana imeshakuwa tope, lakini mwaka ule ilikaa. Mapaa ya mtaa mzima yalikuwa meupe, isipokuwa letu. Juu ya chumba cha Bibi palikuwa na kiraka cheusi, vigae vitupu vikifuka mvuke, na chini ya kiraka hicho, kwenye ukingo wa paa, mfereji ulikuwa umejaa barafu nene na miiba mirefu ya barafu ikining'inia mpaka karibu na dirisha lake. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kihindi aliyekulia Kisumu, aliniuliza kwa Kiswahili chake cha zamani kwani nani analala pale juu. Nikasema hakuna mtu. Akatazama paa, akanitazama mimi, akaingia ndani kwake. Usiku ule niliomba nilale chumbani kwa wazazi.

Maji yalipoanza kudondoka, dari ikafanya baka la rangi ya chai, na kila siku likatanuka. Plasta ikavimba. Harufu ya ubani ilichanganyika na ya ukuta mbichi, nikahisi kuna kitu mle ndani kinachooza. Baba akampigia simu Mjomba Idi, mdogo wake Mama, aliyekuwa fundi wa mapaa kule Wembley na mtu wa maneno mengi. Alimkuta Baba ameshashika nyundo, akamnyang'anya, akamwambia barafu haipigwi kwa nyundo juu ya vigae labda kama anataka kulala chini ya nyota. Aliomba soksi ndefu na chumvi ya kuyeyushia barafu. Soksi ndefu mle ndani zilikuwa za Bibi tu. Mama alizitoa kwenye droo, akazinusa, akampa. Mjomba akazijaza chumvi, akapanda ngazi na kuzilaza juu ya ile barafu ili zichimbe njia na maji yapite. Nilikuwa bustanini nikitazama miguu ya Bibi imelala ukingoni mwa paa, na sikupenda nilichokiona.

Halafu akaingia ndani ya paa lenyewe. Akakuta pamba nene ya kuzuia joto lisipande imekunjwa na kusukumwa pembeni, sawasawa juu ya chumba cha Bibi. Baba ndiye aliyeiondoa zamani, apate pa kuweka masanduku ya siku tutakayorudi nyumbani moja kwa moja. Mjomba alishuka na vumbi kichwani, na utani wote ulikuwa umemwisha. Tulikuwa sote chumbani, Mama amesimama kando ya hita.

"Dada, joto la humu linapanda na kuyeyusha theluji," alisema. "Maji yanateremka, yakifika ukingoni yanaganda. Yanayofuata yanakosa njia, yanarudi ndani. Pamba nitairudisha, dari nitaibadilisha. Lakini hita izimwe leo, au dari itatuangukia."

"Nilimwahidi."

"Ni mama yangu pia."

"Wewe hukuwepo, Idi. Hukusikia meno yake yakigongana."

Tone likaanguka kwenye beseni, na Mama akalitazama.

"Kwa hiyo haya maji," aliuliza, "si yeye?"

"Si yeye, Dada."

Mama akakaa kwenye kitanda kilicholowa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alipomaliza alinyoosha mkono akazima hita mwenyewe. Alikataa kutoka. Nilikaa ubavuni pake ndani ya koti lake, chumba kikapoa mpaka tukaanza kuona pumzi zetu.

Mjomba aliweka dari mpya na kuipaka rangi. Theluji iliyofuata ikalifunika paa letu lote, likawa jeupe kama ya majirani, na mimi niliyeogopa vile ndiye niliyesimama nje nikilia. Nilikuwa nimemkosa Bibi tena.

Siku hizi theluji ya kukaa ni nadra, na joto la nyumba nalirekebisha kwa simu nikiwa kazini Wembley. Mama amezeeka, na chumba alichojichagulia ni kilekile cha Bibi. Analalamika baridi hata mwezi wa sita, ambao huku ni wa joto. Majuzi, nikimfunika miguu, alinishika mkono akaniambia siku atakayokufa nizime hita siku hiyohiyo, nisifanye kama alivyofanya yeye. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nitafanya hivyo. Ndivyo tunavyojibu sisi tuliokulia hapa, na ahadi hutoka kwa urahisi. Mama alitikisa kichwa.

"Sema kwa Kiswahili."

Nikafungua mdomo. Miguu yake ilikuwa ya baridi mikononi mwangu, na neno halikutoka.