Siku Nilipojifunga Taya Kama Maiti

Nianze na ujinga wenyewe, maana majirani watawaambia tu: nilijifunga taya kwa kitambaa cheupe, kutoka chini ya kidevu mpaka utosini, nikalala chali sebuleni. (Ndiyo, vile wanavyofungwa wafu. Mi sikufikiria.)

Mafua yalikuwa yamenivimbisha tezi chini ya taya, kubwa kama yai la njiwa, na kesho yake nilipaswa kusimama mbele ya darasa kueleza, chekeni tu, kazi ya tezi hizo hizo. Pointi zangu za biolojia zilikuwa zinanuka, nikikosa hapo narudia mwaka, na sikutaka wasichana wa mbele waangalie shingo badala ya kunisikiliza. Nikaapa tezi itashuka kwa nguvu ya kitambaa. Usingizi ukanichukua.

Mama Kapinga, jirani, akaingia kurudisha sufuria. Sufuria ikaanguka.

"Mamaa wee! Mutoto ya Mama Ngalula alikufa!"

Naamka, uwanja umejaa vilio, viti vya matanga vinapangwa, na tata mmoja, mzee wa mtaani, ambaye hajawahi kuniitikia salamu analia eti nilikuwa kijana wa heshima (hapo nikajua mambo yameharibika kweli). Nikatokea mlangoni. Wakakimbia! Kiatu cha mtu kikanipata tumboni.

Fundo likakataa kufunguka, lakini nikasema, aibu imeshakuja, leo ndiyo zoezi. Nikapanda juu ya kiti.

"Batata na bamama, sikufa! Ni tezi tu!"

Nikawaeleza, meno yamebana, kwamba ndani ya tezi kuna seli zinazosuka wavu, zinaishikilia kama miti wanayosimamisha wachimbaji ndani ya shimo lisiwaangukie. Askari wa mwili wanatembea juu ya wavu huo wakitafuta virusi, seli zinawaonyesha njia, zinawapa cha kuwaweka hai, na askari wakiongezeka zinajinyoosha wapate nafasi. Ndiyo maana inavimba.

"Sasa kama inavimba juu ya kukusaidia," akauliza Mama Kapinga akifuta machozi, "we ulikuwa unaifunga juu ya nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo mama akaingia mbio kutoka sokoni, mguu mmoja mtupu, alikuwa ameambiwa nimekufa. (Tangu siku hiyo, hata nikivimba kichwa kizima sifungi kitu.) Nilingoja kofi. Akafungua fundo, akaigusa ile tezi polepole na kidole gumba.

"Iache ivimbe," akasema. "Mi nilizaa mutoto muzima, sikuzaa foto ya kuangaliwa."