Simu Iliyokuwa Mezani

Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mimi si mtu wa kuota mchana. Nina ng'ombe wawili na shamba la viazi karibu na Olenguruone, na haya yalinipata jikoni mwangu, saa kumi jioni, ukungu ukiwa umefunika hadi zizi.

Kwanza ujue kwa nini niliiamini simu. Ina ile akili ya kisasa: unaiuliza kwa mdomo, inakujibu kwa sauti. Ng'ombe alipovimba kiwele ilinitajia dawa, akapona. Majani ya viazi yalipoungua, ilijua sababu. Tangu hapo nikaacha kuuliza watu. Jirani yangu, Mama Brian, akinishauri jambo, nilikuwa namcheka.

Kwetu hakuna stima. Asubuhi hiyo nilimpa Kiptoo, mwenye boda anayebeba maziwa yetu, aipeleke simu kuchajiwa senta, kule madukani. Jioni nikaikuta mezani, nikajua ameirudisha kama kawaida.

Binti yangu Chebet, wa miaka minne, alikuwa anachemka kwa homa. Nikauliza la kufanya. Sauti ikajibu taratibu, tamu kuliko siku zote: "Mama Chebet, usiogope. Mfunike, mpe maji, ngoja kesho." Jina langu niliiambia lini? Sikujiuliza.

Mama Brian akaingia, akamshika mtoto. "Mama Chebet, hii shingo imekauka, haipindi! Wacha tumpeleke hosi saa hii."

"Simu imesema tungoje."

"Hiyo simu imezaa watoto wangapi?"

Nilikasirika, nikamfukuza. Mungu anisamehe. Alipotoka tu, sauti ikaniuliza, "Umeridhika na jibu langu?" Nikasema nimeridhika. Ikauliza tena, nami nikarudia, kwa sauti kubwa. Chebet alikuwa ananitazama.

Alfajiri degedege ikamshika. Nikatoka mbio naye mgongoni, nikakutana na Kiptoo akija kuchukua maziwa. Akasimama, akatoa simu kwenye koti.

"Mathe, pole. Jana ukungu ulifanya nikalala senta. Simu yako ndiyo hii."

Niamini, niliketi pale pale barabarani. Alituinua yeye, akatufikisha hospitali. Niliporudi nyumbani, mezani hapakuwa na kitu.

Chebet alipona, lakini masikio yalikufa. Daktari alisema tungemleta jioni ile, pengine angesikia. Hata nigonge sufuria nyuma yake, hageuki. Najilaumu kila siku. Ila ukungu ukishuka, Chebet huketi kitini penye ile meza, kiganja kitupu sikioni, akitikisa kichwa.

Kwa hivyo wewe mwenye simu, mtoto akiugua, bisha hodi kwa jirani kwanza. Na sauti usiyoijua ikikuuliza kama umeridhika, nyamaza. Mimi sikunyamaza, na mwanangu alisikia jinsi inavyojibiwa. Juzi, saa kumi, nilikuwa namenya viazi, nikamsikia akisema polepole, "Nimeridhika." Halafu akashuka kitini, akaanza kutafuta viatu vyake, kama aliyeitwa nje.