Harufu ya Koti la Baba

Mjukuu wangu amenisomea neno la Kiingereza, petrichor. Ni harufu ya ardhi kavu inapopata mvua. Anasema asili yake ni Kigiriki: jiwe, na damu ya miungu. Mvua imeanza nje, na harufu hiyo mimi naijua ikiwa imechanganyika na jasho la koti la baba.

Kwetu Ngara mbegu ya kwanza hupandwa na baba wa nyumba, wengine ndipo wafuate. Mwaka wa vita na Uganda, nikiwa mtoto, baba alikuwa vitani, ng'ambo ya mto Kagera. Mvua ikanyesha, kijiji kizima cha ujamaa kikashika majembe, shamba letu likabaki tupu. Siku mbili mama alikaa mlangoni akinusa udongo tu.

Siku ya tatu alitungua koti la baba ukutani, akalivaa, mikono ya koti ikamfunika vidole.

"Mama, baba akirudi atasemaje?" nikauliza.

"Atakuta maharage," akasema, akafukia mbegu ya kwanza.

Maharage yalistawi, baba hakuyakuta. Koti lile mama alilivaa kila msimu wa kupanda, mpaka likatoboka viwikoni.