Shangazi Aliyejifunza Kusema Upya

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifundisha wanawake kusoma dini pale Kihesa, Iringa, kwa miaka mingi. Sauti yake ilikuwa kubwa. Ukikosea herufi moja, hata jirani wa nyumba ya tatu alijua umekosea. Asubuhi moja alianguka akianika nguo. Alipozinduka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yamempotea. Kila ulichomwambia alikielewa, ila kujibu hakuweza.

Hakujaliwa mtoto, na yeye ndiye aliyenilea mimi, kwa hiyo nilimchukua kwangu Mbeya. Kila wiki nilimpeleka kwa dada mmoja mtaalamu, anayewafundisha kusema watu waliopata kiharusi.

"Akishindwa neno huwa unamwambia nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Namwambia atapona tu, Inshallah."

"Dua ni njema. Lakini muulize pia leo anataka kujaribu nini. Akiweza kidogo leo, kesho atapata moyo wa kujaribu tena."

Niliitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimeshamaliza matanga. Nilimwona kama mtu wa kulishwa na kufunikwa blanketi. Jirani yangu, mama wa Kinyakyusa, alikuwa na imani kuliko mimi. Alikuja na ndizi za kupika, akamwombea Kikristo kwa lugha yake, na shangazi akanyanyua mkono mzima kumwitikia.

Siku moja shangazi alitaka kitu. "Ma... ma..." Nikampa maziwa. Akatikisa kichwa. Nikamletea mandazi. Akayasukuma, sahani ikaanguka ikavunjika, akaanza kulia. Kumbe alitaka maji.

"Shangazi, usilie," nilisema. "Si wewe uliyetufundisha kwamba Mwislamu hakati tamaa na rehema ya Mungu?"

Alinitazama kwa ukali ule wa darasani. Akanionyesha mswala wake ukutani. Niliutandika, akaswali akiwa amekaa kwenye kiti, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Hapo nikaona aibu. Mimi niliyekuwa na macho makavu ndiye niliyekuwa nimekata tamaa. Yeye alikuwa analia na bado anaomba.

Nilipomsimulia mtaalamu, alisema, "Mwache alie. Anayelia bado kuna kitu anakitaka."

Jioni ya wiki ile tuliswali Magharibi pamoja. Nilipoanza kusoma Alhamdu kwa sauti, nikasikia sauti nyingine nyuma yangu. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, lakini haikuruka hata neno. Tulifika "Amin" pamoja. Sijui niliimalizaje ile swala. Nilipotoa salamu niligeuka.

"Shangazi, umesema!"

Akafungua kinywa kunijibu, na hakuna kilichotoka. Badala ya kusikitika akacheka, akacheka hadi akashika ubavu.

Mtaalamu hakushangaa. Alisema kwamba maneno ambayo mtu ameyakariri tangu utotoni mara nyingi hubaki hata mengine yakipotea. "Basi tupitie mlango huo," alisema.

Shangazi aliupitia kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Baada ya kila swala alibaki pale pale, anasoma sura fupi mpaka ulimi uchangamke, kisha anajaribu neno moja la nyumbani. Chumvi. Kijiko. Mlango. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita haikumzuia, hata Alfajiri. Neno likimgomea, alivuta pumzi akaanza tena. "Maji" lilichukua karibu mwezi mzima, na siku alipolipata alikunywa vikombe vitatu mfululizo.

Baada ya mwaka mmoja na kitu alirudi Kihesa, akafungua tena darasa lake. Nilienda kumtembelea. Mkono haujarudi, na sentensi ndefu bado zinamshinda. Wanafunzi wamejifunza kumsubiri. Mtu akikosea, anagonga meza kwa kidole, na mkosaji anajitafutia kosa mwenyewe. Sikuwahi kuona darasa lake likisikiliza namna ile.

Siku hiyo alikuwepo mama mgeni kutoka Kilolo, ambaye mume wake alikuwa kitandani nyumbani, kiharusi kimempata juzi juzi. Darasa lilipoisha alimsogelea.

"Mwalimu, wewe ulipona kabisa?"

Shangazi alitafuta neno. Tulingoja wote, hakuna aliyemsaidia.

"Bado," alisema. Kisha akamshika mkono yule mama. "Mlete... mumeo. Kesho."